Jumla ya mfuatano wa namba: ya kwanza, ya mwisho na idadi zinatosha

Jirani yangu hapa Jinja anaendesha boda, juzi jioni alikuja na daftari akaniambia anataka kuweka akiba, wiki ya kwanza 5,000 halafu kila wiki anaongeza 2,000 juu ya ile ya nyuma, kwa wiki 20, sasa mwishowe atakuwa na ngapi? Alikuwa ameshaanza kujumlisha kwa simu, 5,000 na 7,000 na 9,000, akifika katikati anapotea anaanza upya.

Hiyo akiba yake ndiyo tunaita mfuatano wa tofauti sawa, yaani kutoka namba moja kwenda inayofuata unaongeza kiasi kilekile (au unapunguza kilekile, ni sawa tu). Na jumla yake ina fomula:

S = n/2 × (a + l)

S ni jumla, n ni idadi ya namba, a ni ya kwanza, l ni ya mwisho.

Tafadhali usiimeze hivyohivyo, angalia inatoka wapi, hapo ndipo panapendeza. Nilimwandikia orodha yake mara mbili, mstari wa juu unaanza 5,000 unapanda mpaka 43,000, wa chini nikaugeuza, unaanza 43,000 unashuka. Sasa jumlisha juu na chini: 5,000 na 43,000 ni 48,000. 7,000 na 41,000, 48,000 tena. 9,000 na 39,000, ileile, kwa sababu juu ikipanda 2,000 chini inashuka 2,000. Ziko 48,000 mara 20, inakuwa 960,000, lakini tuliandika orodha mara mbili kwa hiyo gawa kwa mbili, unabaki na 480,000. Basi.

Sasa mahali watu wengi wanaumia ni kutafuta ile ya mwisho. Yeye alisema wiki 20 mara 2,000 ni 40,000, ongeza 5,000, akapata 45,000. Hapana. Wiki ya kwanza hajaongeza kitu bado, ameongeza mara 19 tu, kwa hiyo l = a + (n − 1) × d, d ikiwa ile tofauti, na tunapata 43,000. Ukikosea hapo jumla inatoka 500,000, yaani unahesabu 20,000 ambayo haipo.

Kosa hilohilo liko kwa matofali. Rundo lina tofali 24 chini, kila safu juu inapungua moja mpaka 9, mtu anasema safu ni 15 kwa kuwa 24 toa 9 ni 15. Ziko 16, hesabu kwa vidole na ile ya chini yenyewe. Tofali ni 16/2 × 33, yaani 264.

Namba zikiwa idadi witiri usiogope nusu: 5, 7, 9, 11, 13 ni 5/2 × 18, inatoka 45, sawa na ile ya katikati, 9, mara 5.

Akaniuliza, na je nikianza na hiyo 5,000 lakini kila wiki niweke mara mbili ya wiki iliyopita? Hapo fomula hii haifanyi kazi, maana kiasi unachoongeza kinabadilika kila wiki, ule ni mfuatano mwingine na una fomula yake. Tukapiga kwa simu: wiki ya 20 peke yake ingetaka shilingi 2,621,440,000. Akarudi kwa ile 2,000 yake.