Harry Wright hakuwa wa kwanza kulipwa

Husemwa mara nyingi kwamba kabla ya Harry Wright na timu yake ya Cincinnati Red Stockings mwaka 1869, hakuna aliyelipwa kucheza besiboli Marekani. Si kweli. Miaka kadhaa kabla, klabu zilizojiita za ridhaa zilikuwa zikiwapa nyota wao fedha kwa siri, au kuwatafutia ajira ya jina tu.

Alichofanya Wright ni kuyaweka malipo hadharani: kikosi kizima kililipwa mshahara wa msimu. Yeye, meneja na mchezaji, alipata dola 1,200. Mdogo wake George, dola 1,400. Na Harry alikwishazoea kulipwa kwa mchezo. Alizaliwa Sheffield, Uingereza, 1835, mtoto wa mchezaji wa kulipwa wa kriketi, na Cincinnati yenyewe alikwenda kwa kazi hiyo ya kriketi.

Kwangu mimi, heshima yake kubwa iko Boston, kwenye timu aliyoiongoza baadaye, ambako alitwaa ubingwa wa besiboli mara nne mfululizo, 1872 hadi 1875. Huko ndiko alikothibitisha kwamba timu ya mishahara ya wazi inaweza kudumu.