Je, wajua kwa nini uvundo wa gesi ukikatika ghafla ndipo hatari huzidi?

Anayepita sokoni Kongowea, mjini Mombasa, msimu wa maembe, jua likiwa limechoma marundo ya matunda yaliyooza, hukunja pua na kuharakisha mwendo. Mabaki kama hayo ndiyo chakula cha mitambo ya bayogesi: hufungiwa katika tangi lisiloingia hewa, bakteria wakayavunjavunja, ikatoka gesi ambayo zaidi ya nusu yake huwa ni methani, ile inayowaka, na sehemu kubwa iliyobaki ni kaboni dayoksaidi. Kiasi kidogo tu ni haidrojeni salfaidi, ile yenye uvundo wa mayai viza. Hutokana na salfa iliyomo katika protini, na kwa hiyo taka za machinjioni au matumbo ya samaki huitoa kwa wingi kuliko maganda ya maembe.

Pua huinusa gesi hii hata ikiwa chini ya sehemu 1 katika sehemu milioni za hewa. Ajabu ni kwamba inapofika sehemu 100 hivi, neva za kunusa hulemaa katika muda wa dakika chache, na mfanyakazi aliyekuwa akilalamikia uvundo hudhani upepo wa bahari umeupeperusha, kumbe gesi ndiyo inazidi. Ikikaribia 1,000, pumzi moja au mbili zatosha kumwangusha, kwa kuwa huzizuia seli kutumia oksijeni hata kama mapafu yamejaa hewa. Aliyevuta kiasi cha chini ya hapo anaweza kurudi nyumbani akikohoa tu, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yakajaa maji.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mashimoni, na anayeshuka kumwokoa mwenzake naye huanguka papo hapo. Wazibuaji wa vyoo vya shimo wanakabiliwa na hatari iyo hiyo. Hata hivyo, si lazima mtu ashuke popote: mwaka 2005, huko Rhadereistedt nchini Ujerumani, watu 4 walikufa katika jengo la kupokelea taka za mtambo wa bayogesi.

Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hata chembe. Kinachofaa ni kitambuzi cha gesi kinachovaliwa karibu na kola, na kikilia, mfanyakazi hutoka mara moja, hata kama pua yake haisikii harufu yoyote.