Nani hasa anayekula mfupa?

Mgonjwa wangu mmoja aliitazama eksirei ya mkono wake kwa muda, akaweka kidole pembeni mwa fundo la kidole cha shahada. Palikuwa na kishimo kidogo, kama ukingo wa kikombe uliomeguka. "Daktari, hapa pameliwa na nini?"

Alikwisha kusikia kwamba katika baridi yabisi ya rumatoidi kinga ya mwili humgeukia mtu mwenyewe, akadhani chembe nyeupe za damu ndizo zinazotafuna mfupa. Ukweli ni kwamba nyingi kati ya hizo haziugusi. Zinatoa amri.

Ndani ya kiungo kuna utando mwembamba unaotengeneza ute wa kulainisha. Ukiwa mzima, seli zake za juu ni tabaka moja au mbili tu. Ugonjwa ukiingia, seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, huhamia humo, seli B, aina nyingine, hutoa kingamwili dhidi ya protini za mwili wenyewe (kingamwili hizi huweza kuonekana katika damu miaka kadhaa kabla ya kiungo chochote kuvimba), na makrofaji, chembe nyeupe zinazomeza vijidudu na taka, humwaga TNF, IL-1 na IL-6, protini za kuchochea uvimbe. Utando hunenepa na kutambaa juu ya gegedu, tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa. Hapo fibroblasti, seli zinazotengeneza nyuzi za tishu na ambazo wala si seli za kinga, hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha gegedu hiyo.

Mfupa una mlaji wake: osteoklasti. Ni seli kubwa yenye viini vingi, inayozaliwa pale seli za ukoo uleule wa makrofaji zinapoungana. Hujibandika juu ya mfupa kama bakuli lililofudikizwa, ikaziba kingo pande zote, kisha ikamwaga asidi ya kuyeyusha madini na kimeng'enya cha kukata protini. Katika mwili wenye afya hula kwa kiasi, na seli za ujenzi hujaza pengo. Katika utando uliovimba, seli T na fibroblasti hutoa RANKL, protini inayoamuru osteoklasti zizaliwe, na TNF huzidi kuzichochea. Kishimo cha kwanza huwa pembeni kwa sababu pale utando unapakana na mfupa usiofunikwa na gegedu.

Dawa ya denosumabu inalithibitisha hili vizuri kuliko maelezo yangu. Inazuia RANKL peke yake: mfupa huliwa polepole zaidi, lakini uvimbe hubaki palepale. Dawa za kuzuia TNF, ambazo watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwajaribia wagonjwa London mwaka 1992, hukata amri juu zaidi, hivyo uvimbe na ulaji wa mfupa hupungua pamoja.

Huniuma sana kumwona mtu aliyetumia ibuprofeni, dawa ya maumivu, pekee kwa miaka kwa kuwa inamtuliza. Kutuliza inatuliza kweli, ila haizuii mfupa kuliwa, na mfupa ukishamegeka ni nadra kujijaza tena. Kwa hiyo methotreksati, dawa inayoudhibiti ugonjwa wenyewe, naianzisha mapema, hata kama eksirei bado haina alama.

Yule mgonjwa nilimwonyesha fundo la kidole cha kati kwenye picha ileile. Ukingo wake ulikuwa bado mzima. Tulianza dawa siku hiyohiyo.