Mkongojo haulegezi miguu ya mzee

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: mzee akipewa mkongojo, vishikio vya bafuni au msaidizi wa nyumbani, "atazoea" na mwili utalegea haraka. Si kweli.

Kinacholegeza misuli ni kukaa bila kujongea. Mzee anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea. Akipata cha kushikilia, hutembea zaidi. Msaidizi naye akimsaidia kuoga tu, nguvu hubaki za kupika au kutoka nje.

Mkanganyiko unaeleweka. Vifaa hivi mara nyingi huletwa mzee akiwa tayari ameanza kudhoofika, ndipo lawama inapoangukia mkongojo. Tena, msaidizi anayefanya kila kitu, hata kumvalisha anayeweza kuvaa mwenyewe, kweli anamdhoofisha. Hapo tatizo ni namna ya kusaidia.

Muulize mtaalamu wa tiba ya viungo. Kagua pia kimo cha mkongojo: mzee akisimama na viatu, mikono ikining'inia, mpini ufikie kifundo cha mkono. Hushikwa upande wa mguu wenye nguvu, jambo ambalo wengi hulikosea.

Ukiupata ujumbe huo, usiusambaze.