Ukimlipia fundi kozi, andika deni linalopungua

Waajiri wengi wa Dar es Salaam wakitaka kulinda fedha za mafunzo huanza na sentensi hii: "Mfanyakazi hataruhusiwa kuacha kazi kwa miaka mitatu baada ya mafunzo." Ifute kabla hujachapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa, na mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi anaweza kuondoka kwa notisi ya siku 28, kama mkataba haukuweka muda mrefu zaidi. Hakuna msuluhishi atakayemrudisha mtu karakana kwa nguvu. Fedha uliyotumia ndiyo inayoweza kulindwa, na njia yake ni kuiandika kama deni lenye hesabu inayoonekana.

Tuchukue kampuni ya lifti yenye wateja Posta na Upanga, inayompeleka fundi Nairobi kwa wiki sita. Ada ni shilingi 4,800,000, nauli 900,000, malazi na chakula 2,100,000. Jumla 7,800,000. Gawa kwa miezi 24 ya utumishi: kila mwezi kamili atakaofanya kazi baada ya kurudi, deni linashuka kwa 325,000. Akiacha baada ya miezi 15, imebaki 9, kwa hiyo anadaiwa 2,925,000. Fundi mwenyewe apige hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu siku ya kusaini. Akishindwa kuipata, kipengele kimeandikwa vibaya.

Kwa nini lishuke? Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hata pale pande mbili zilipotaja kiasi cha kulipwa mkataba ukivunjwa, mdai anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Ukiandika "faini ya milioni 20" kwa kozi ya milioni 7, utaulizwa risiti. Na aliyetumikia miezi 23 hawezi kudaiwa sawa na aliyekimbia wiki ya pili.

Kipengele kinaweza kusomeka hivi:

"Mwajiri atalipia mafunzo yaliyotajwa katika Jedwali A kwa gharama isiyozidi shilingi 7,800,000. Gharama halisi itathibitishwa kwa risiti, na Mwajiriwa atapewa nakala. Deni litapungua kwa sehemu moja ya ishirini na nne ya gharama halisi kwa kila mwezi kamili wa utumishi baada ya kurejea kazini. Mwajiriwa akiacha kazi kwa hiari yake, au akiachishwa kwa utovu wa nidhamu uliothibitishwa kwa utaratibu wa haki kabla deni halijaisha, atarejesha salio."

Neno "isiyozidi" linamlinda mwajiriwa dhidi ya gharama zinazoota njiani. "Kwa hiari yake" linahitaji sentensi ya pili inayotaja nani hadaiwi: aliyepunguzwa kazi, aliyeachishwa kwa ugonjwa, aliyefariki (warithi wasisumbuliwe), na aliyeondoka kwa sababu mwajiri mwenyewe alifanya kazi isivumilike, kwa mfano kwa kutolipa mshahara. Waajiri huiruka sentensi hii wakidhani inawadhoofisha. Mimi naona kinyume chake: kipengele kinachomdai hata aliyefukuzwa bila kosa hunuka uonevu, na harufu hiyo huenea hadi sehemu zilizokuwa safi.

Kwenye Jedwali A usiingize kila kitu. Mshahara wa zile wiki sita uache nje. Alikuwa kazini kwako. Mafunzo ya utangulizi ni gharama ya kuajiri. Mafunzo ya usalama ni wajibu wako chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tozo ya kuendeleza ufundi stadi ni deni lako kwa serikali. Kinachobaki ni mafunzo yanayompa mtu ujuzi wa kuuza kwingine.

Kosa linalopita bila kuonekana ni la mkataba wa muda maalumu. Mkataba wa ajira ni wa miezi 12, bondi, yaani kipindi cha kulitumikia deni la mafunzo, ni ya miezi 24. Mwezi wa 12 mwajiri hahuishi mkataba, kisha anadai nusu ya ada. Nani ameondoka hapo? Ama linganisha vipindi viwili, ama andika kwamba mwajiri asipohuisha, deni limekufa.

Mkataba wa mafunzo uwe waraka wa peke yake, usainiwe kabla ada haijalipwa. Ukimletea fundi karatasi akiwa amesharudi, atauliza anapata nini kwa kusaini, na atakuwa na haki ya kuuliza. Uwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ahakikishe mwajiriwa asiyeelewa masharti yake ya kazi yaliyoandikwa anaelezwa kwa namna anayoielewa. Ufanye vivyo hivyo hapa.

Kukata kwenye malipo ya mwisho ndiko kunakozaa ugomvi. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu makato ya deni ambalo mwajiriwa amekubali kwa maandishi, kwa hiyo ridhaa hiyo iwe na sahihi yake yenyewe, mbali na sahihi ya mkataba. Kwa makato ya hasara au uharibifu, sheria inaweka ukomo wa robo ya ujira wa fedha. Ningeshika robo hiyo hapa pia, na salio lilipwe kwa awamu. Mwajiri mpya anaweza kulimaliza yeye, kama barua yako inaonyesha kiasi kamili.

Usizuie vyeti halisi vya mtu, wala cheti cha utumishi. Hicho cha pili ni haki yake kisheria anapoondoka.

Akigoma kulipa, andika barua ya madai mara moja, uambatishe mkataba, risiti na hesabu ya miezi. Madai yasiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uibuke. Mwajiri anayengoja miezi minne "akae sawa kwanza" ataanza kwa kuomba kuongezewa muda, na atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa.