Dubu msumbufu: kumhamisha si kummaliza

Marekani na Kanada wengi bado wanaamini kwamba dubu akizoea kijiji, dawa ni kumnasa na kumpeleka porini mbali, basi yameisha. Hayaishi. Dubu mweusi aliyekomaa anaijua njia ya kwao. Wapo waliopelekwa zaidi ya kilomita 100 wakarudi. Asiyerudi mara nyingi huishia kwenye jalala la kijiji kingine.

Anayemleta ni pua yake: taka, chakula cha kuku, matofaa yaliyoozea chini ya mti, mizinga ya nyuki. (Sagalla, kando ya Tsavo, mizinga hutundikwa kumfukuza tembo, kule Marekani ndiyo inayomwita dubu!) Kwa hiyo wafugaji nyuki huizungushia uzio wa umeme, wakaning'iniza kwenye waya vipande vya foili vilivyopakwa siagi ya karanga. Manyoya mazito humkinga dubu na shoti, lakini akilamba foili ile, umeme humpiga puani na ulimini. Hasahau upesi. Na pipa la taka lenye kifuniko cha komeo, likitolewa nje asubuhi ya siku ya gari la taka na si usiku wa kuamkia siku hiyo, lina kazi kubwa kuliko mtego.