Taswira ya kaseti ni nini? TAP, TZX na WAV za ZX Spectrum

Programu za ZX Spectrum, kompyuta iliyotoka Uingereza mwaka 1982, zilikaa kwenye kaseti kama sauti: mapigo mafupi na marefu ambayo kompyuta iliyapima muda. Biti ya 0 ni mapigo mawili ya mizunguko 855 ya prosesa kila moja, biti ya 1 ni mawili ya mizunguko 1710, na prosesa huzunguka mara milioni 3.5 kwa sekunde. Taswira ya kaseti ni faili inayohifadhi yaliyomo kwenye kaseti hiyo. Kila umbizo huhifadhi kitu tofauti, na ndiyo maana kubadili umbizo si kubadili jina la faili.

WAV hushika sauti yenyewe. TAP huacha sauti na kubaki na baiti tu, katika mafungu yaitwayo bloku. Kila bloku ina baiti 2 za urefu, ile ndogo ikitangulia, baiti ya alama, 0 kwa kichwa (maelezo ya data inayofuata) na 255 kwa data, data yenyewe, kisha baiti ya uhakiki. Picha ya skrini ina baiti 6912. Ongeza alama na uhakiki, zinakuwa 6914, kwa hiyo bloku yake huanza na 02 1B (heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, kama zilivyo baiti na aina za bloku hapa chini). TZX huhifadhi data pia, na huandika muda wa mapigo pale usipokuwa wa kawaida. (TAP ya Commodore 64, kompyuta nyingine, ni kitu kingine kabisa, huanza na maandishi C64-TAPE-RAW.)

Kutoka TAP kwenda TZX ni rahisi kiasi cha kufanyika kwa mkono. Andika baiti 10 za mwanzo: ZXTape!, 1A, kisha namba mbili za toleo, 01 14. Kila bloku ya TAP itanguliwe na 10 E8 03, yaani bloku ya kasi ya kawaida yenye kimya cha milisekunde 1000 baada yake. Zilizobaki hazibadiliki.

Kurudi nyuma, kutoka TZX kwenda TAP, ndiko kunakoharibu. Michezo mingi ilitumia kasi yake yenyewe ili kuzuia kunakili, na TAP haina pa kuandika kasi hiyo. Ukikuta bloku za aina 11 hadi 15, iache faili kama TZX. Bloku ya 30 ni maelezo tu, unaweza kuitupa.

Unaporekodi kaseti, tumia sampuli (vipimo vya sauti) 44100 kwa sekunde: pigo fupi hupata sampuli kama 11. Kwa 11025 hupata chini ya 3, na biti huanza kuchanganyika. Usitumie MP3, maana huvuruga kingo za mapigo. Kichwa cha kusomea cha kinasa sauti kikiwa kimepinda, mapigo mafupi ndiyo hufifia kwanza. Geuza skrubu yake taratibu hadi sauti iwe kali, kisha chukua chaneli moja tu. Kuchanganya kushoto na kulia huyafuta yaliyobaki.

Mwisho, hakiki kila bloku ya kawaida: XOR (hesabu ya biti inayotoa 1 biti mbili zikitofautiana na 0 zikifanana) ya baiti zote, kuanzia alama hadi uhakiki, lazima iwe 0. Isipokuwa 0, rudi kwenye kaseti urekodi upya, usirekebishe baiti ya uhakiki.